Asumini Nyeupe za Bimdogo Pandu

Mwaka umetimia, Bimdogo, tangu ututoke ukiwa mbali nasi, kwenye kitanda cha hospitali huko Guangzhou, dirisha likiwa wazi kwa kuwa ulikataa lifungwe. Tulidhani mwaka ungetosha kutuzoesha. Haukutosha. Mpaka leo mumeo Maulid akipita penye mti uliochanua husimama kidogo, akisubiri mtu aliyebaki nyuma kunusa, kisha hukumbuka na kuendelea na safari yake.

Sisi tuliokua nawe Wete tunajua ulianzia wapi. Bibi alikuwa akitutuma sote kuchuma asumini wakati wa alasiri, kabla hazijafunguka, ili apate za kutunga vikuba, vile vishada vya kuvaa kifuani. Wengine tulirudi na vikapu. Wewe ulirudi mikono mitupu, na baada ya muda tukakuta ukuta wa jiko umejaa asumini za mkaa. Ukachapwa, ukaufuta ukuta, na kesho yake ukachora tena, safari hii nyuma ya mlango, ambako uliamini watu wazima hawatazami.

Ukawa mwalimu wa kuchora, ukafundisha watoto wa watu, na ulipopata nafasi ya kwenda kusomea uchoraji wa vitambaa Guangzhou, mama alilia na baba akauliza kama Uchina kuna maua. Ulimwambia utamjibu ukifika. Ulipofika ulipiga simu hata mabegi hujafungua: maua yapo, baba, na msufi wa huku unatoa maua mekundu, yakianguka barabarani vikongwe wanayaokota kwenda kuyapikia supu. Baba alikwenda nayo habari hiyo msikitini, barazani na dukani, na hakuna aliyemsadiki.

Ndiko huko ulikokutana na Maulid. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda kuchapisha khanga, na alikukuta kiwandani ukigombana na mtu mzima mwenzio kwa ajili ya jani moja lililoelekezwa kusiko. Maulid mpaka leo hatofautishi waridi na maua ya kitango pepeta, lakini siku hiyo alisimama upande wako bila kuulizwa. Mkaoana, mkampata Fathiya, mkamleta kwetu asome karibu na nyumbani, na nyinyi mkabaki kule Guangzhou, mtaa wa Kangle, kwenye chumba kilichozungukwa na vyerehani, wewe ukichora, yeye akisafirisha.

Hukuwahi kuchora ua ambalo hujalinusa. Maulid alilalamika kwamba wenzake wana wake wenye mikono ya kazi, yeye kapata mwenye pua ya kazi, na bado kila Jumapili alikubebea mkoba kwenye soko la maua la Fangcun, ukienda kutoka meza hadi meza, ukiinamia kila chungu. Wanawake wa Darajani na Kariakoo wamebeba watoto kwa khanga zako, wamekwenda misibani na arusini, wala hawajui kwamba kuna mtu anaitwa Bimdogo. Hukujali. Ulisema khanga ikivaliwa imeshasifiwa.

Na wanafunzi wetu walioko kule hawajasahau ubwabwa wako. Judica, aliyetoka Moshi kwa ufadhili wa masomo, alikuja siku moja kuomba kuelekezwa njia akaishia kuwa mtoto wa nyumbani. Kichina chake ndicho kilichowaokoa mara nyingi, kwa sababu cha Maulid hakijavuka bei na "meiyou", yaani hakuna, na chako kilikuwa cha majina ya maua tu.

Kichina hicho cha maua ndicho kilichokuponza. Laobani Liang, yaani bosi Liang, mwenye kiwanda cha kuchapia ambaye mlifanya naye kazi miaka yote, alipofungua jengo jipya, watu walimpelekea mashada mekundu. Wewe ulimpelekea chungu cha asumini, ua unaloliheshimu kuliko yote, ukalitaja kwa sauti mbele ya wageni wake: moli. Mzee wa watu alipauka. Judica ndiye aliyekuvuta pembeni kukueleza kwamba neno hilo, masikioni mwa wafanyabiashara wa kule, linasikika sawa na kusema "hakuna faida". Ulikuwa umesimama mlangoni pa kiwanda kipya ukimtakia hasara. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Laobani hakucheka, ila mkewe alikichukua kile chungu akaenda nacho nyumbani.

Kisha Fathiya akaposwa. Ukasema sare ya arusi utachora mwenyewe, na itakuwa asumini. Hapo ndipo tulipogundua kwamba katika miaka yote hiyo hukuwahi kuichora khangani. Wateja walitaka mawaridi, walitaka makorosho, na asumini uliiweka, kama mtu anavyoweka kitu chake kizuri. Uliichora ikiwa bado haijafunguka, nyeupe, imetapakaa mji mzima wa khanga, yaani katikati yake yote, na vikuba kwenye pindo. Jina ukaliandika mwenyewe: "Umependeza mwanangu."

Ulipokuwa ukimalizia pindo ndipo mgongo ulipoanza kuuma. Madaktari walipopata jibu, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Walisema huwezi kupanda ndege. Arusi yenyewe ukajua hutaiona, na hukutusumbua kwa hilo. Ulitaka kitu kimoja tu, uishike ile khanga mkononi kabla hujaondoka, na ujue kwamba mwanao ataivaa.

Maulid alizunguka Kangle nzima na ule mchoro. Viwanda vilikuwa vinafunga, mwaka mpya wa Wachina umekaribia, mafundi wanakata tiketi za kwenda kwao, na hakuna aliyetaka mzigo mdogo wa sare ya arusi moja. Aliyebaki ni Laobani Liang. Naye alipoutazama mchoro alilikumbuka lile neno, akasema hawezi kuufunga mwaka kwa hilo. Judica akashauri waseme ni maua ya nyota tu. Maulid alikuja kukuuliza. Ulimjibu kwamba hujafika mahali pa kumwita bibi yako kwa jina la jirani.

Laobani alikuja hospitalini mwenyewe, na machungwa. Alikutazama, akamtazama Maulid, akainuka akasema atachapa. Maulid anasema alitoka na mzee yule mpaka kwenye lifti, akamshika mkono, hakuuachia mpaka lifti ikafika.

Khanga zikaja. Maulid alipofungua doti ya kwanza kwenye ukumbi wa hospitali, mlangoni pa chumba chako, alitaka kugeuka arudi nayo, lakini ulikuwa umeshaiona.

"Baba Fathiya, hicho nini?"

"Asumini zako, mama."

"Asumini zangu zimefanywa nini mpaka zikatoka damu?"

Zilikuwa nyekundu zote. Kila jani mahali pake, kila kikuba sawasawa, na jina halikukosewa hata herufi, lakini nyekundu. Laobani alikuwa nyuma ya Maulid, anatabasamu. Alieleza, na Judica akatafsiri kwa taabu, kwamba mikono yake imekataa kuchapa maua meupe kwa bibi arusi ambaye mama yake kalala kitandani. Kwao nyeupe ni ya kumzika mtu. Nyekundu ni ya heri. Alikesha na mafundi wake wa mwisho kubadilisha rangi ili akuombee uzima. Hakukuwa na wa kumkasirikia, Bimdogo. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Ulimwambia Judica amwambie asante sana. Alipoondoka ulilia. Kisha ukaomba rangi nyeupe na brashi yako ndogo, ukaanza kuzipaka moja moja, ukianzia kwenye kona. Ulipaka kidogo, brashi ikaanguka.

"Mkono hautaki," ulisema.

Maulid akaiokota akataka kuendelea yeye.

"Acha, utaniharibia."

Akakujibu neno la kijinga, mkacheka wote wawili. Anasema ndiyo mara ya mwisho kukusikia ukicheka, na kwamba angejua angelichelewesha lile jibu lake la kijinga, lakini hata hakumbuki alijibu nini. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mafundi walikuwa njiani, kila mmoja anakwenda kwao. Mji mzima ulikuwa unanunua maua ya sikukuu, na mumeo anapita katikati ya watu hao wote akitafuta mtu wa kumchapia khanga, hana hata mmoja. Ulifariki mafundi hawajarudi.

Ndugu wa msikitini walikuosha, wakakusalia, wakakuzika huko huko, Mwenyezi Mungu awalipe. Fathiya alitazama kwenye simu mpaka mtandao ukakatika. Arusi ikaahirishwa. Zile khanga nyekundu Maulid alizifunga, akaziweka juu ya kabati.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita, maana wewe ndiye ungejua la kufanya, sisi limetushinda.

Laobani alimpigia Maulid simu aende kiwandani, na akamtaka Judica awepo. Walikuta juu ya meza ndefu khanga zimepangwa, mzigo kamili. Asumini nyeupe, Bimdogo. Nyeupe ile ile uliyoichanganya kwa mkono wako, yenye kivuli cha kijani kwenye kikonyo. Mzee alikuwa ameuhifadhi mchoro wako wa kwanza, na sasa mwaka umefika ameuchapa kama ulivyotaka, hakugusa kitu, na wala hakutaka malipo. Akainama. Akasema neno moja fupi, na Judica akalitafsiri.

"Anasema sasa inafaa."

Maulid akaelewa. Ulipokuwa hai mzee alikunyima nyeupe kwa sababu alitaka uishi. Sasa umekufa, anakupa nyeupe kwa heshima ya maiti. Kitu ulichokililia ndicho hiki hiki, kimefika kizima, na kimefika kikiwa cha msiba. Maulid alitaka kusema kwamba hizi ni za arusi, mzee wangu, zilikuwa za arusi tangu mwanzo. Judica alikuwa anamtazama, anasubiri cha kutafsiri. Maulid akamwona Laobani macho yamejaa maji. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema "xiexie", asante.

 Asubuhi yake akampigia Fathiya, akamweleza yote, akamuuliza azilete au aziache.

"Zilete, baba," Fathiya alisema. "Kwetu hizo ni za arusi." Kisha wote wawili wakashindwa kukata simu.

Arusi ni mwezi ujao. Wanawake wa Wete watavaa asumini zako kuanzia ukumbini hadi jikoni, na tunajua zitapendeza, na tunajua pia kwamba kila atakayezisifu atatuumiza. Maulid amefika nazo Wete, na jana alikaa chini kuzigawa doti, akitaja za nani na nani: ya shangazi, ya somo, ya mama mkwe, na akatenga moja kitini pembeni akasema "ya mama Fathiya".  Aliitazama muda mrefu. Hajui ampe nani, nasi hatujui tumshauri nini, na mpaka tunaandika haya doti yako iko pale pale kitini.

Unakumbukwa na mumeo Maulid Msabaha, binti yako Fathiya, mdogo wako Kuluthumu na ndugu wote wa ukoo wa Pandu walioko Wete, Unguja na Dar es Salaam, pamoja na Judica na wanafunzi wote wa Guangzhou uliowalisha. Hitma itasomwa nyumbani Wete baada ya sala ya Ijumaa, na kwa wale wa Guangzhou, kwenye chumba chako cha Kangle. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema peponi.

Kukusahau, Bimdogo, hata tungeambiwa tujaribu, hatujui tungeanzia wapi.