Vyuma Vilivyopendezeshwa

Jumanne

Na bado Hamisi anadhani Wajerumani watamshukuru.

Watafiti hao tunashirikiana nao kuchunguza kwa nini viungo vilivyochomelewa kwenye mashine za kukamulia alizeti vinapasuka. Waliomba vipande vilivyopasuka, vivyo hivyo vilivyo. Mimi na Hamisi, mwalimu mwenzangu wa karakana hapa chuoni, tulivitafuta Mtinko hadi Ikungi, tukiwabembeleza wenye mashine. Leo nimekwenda kuvifungasha ili tuvitume, nikakuta Hamisi amevisaga kwa grenda na kuvipaka rangi ya fedha. Vinang'aa kama sufuria za bibi harusi.

"Sasa mwalimu, mgeni unampelekea kitu chenye kutu? Watatuonaje?"

"Kutu na ufa ndivyo walivyotaka, bwana!"

Akacheka sana. Nimemtania miaka yote, leo nasema kweli haniamini. Akaniomba niwasalimie.

Ufa ukishasagwa haurudi, na vipande vingine sijui tutavitoa wapi. Huenda wakatafuta chuo kingine, na mashine zetu ziendelee kupasuka.

Kesho lazima niwaandikie. Nimekaa hapa natafuta Kiingereza cha kuwaeleza kwamba tumeharibu kazi yao kwa kuwaheshimu.