Mama na Somo la Fanksheni

Mpendwa Mama,

Jana nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu fanksheni, sauti ikanikatika katikati ya somo. Nikawaambia ni vumbi. Hapa Isiolo vumbi linaaminika haraka, hakuna aliyeuliza.

Ulirudi kusoma ukiwa tayari bibi wa wajukuu. Majirani walicheka uliposema unataka cheti cha sekondari. Hata mimi nilidhani ni mzaha, hadi nilipokukuta mkekani baada ya swala ya alasiri, maziwa ya ngamia umeshayauza yote, miwani puani, ukiningoja nikufundishe hesabu.

Siku ya fanksheni tuligombana. Nilikuandikia jozi tatu: (1,4), (2,4), (3,5), nikauliza kama ni fanksheni.

"Hapana," ukasema. "Nne imerudiwa."

"Nne iko nyuma, Mama. Ya nyuma ikirudiwa si neno. Angalia ya mbele: kila moja iwe na mwenzake mmoja tu. Kama moja ingeenda kwa nne, tena iende kwa tano, hapo imeharibika."

Kisha ukachukua kalamu, ukaandika jina lako na la Baba. Chini yake ukaandika Kaltuma, yule mke wa pili aliyemwoa kule Kinna, na jina la Baba tena.

"Hii je?"

"Ni fanksheni. Kila mke ana mume mmoja."

Ukayageuza, Baba akawa mbele mara zote mbili. "Na hii?"

"Hii si fanksheni, Mama."

"Basi kwangu hesabu iko sawa," ukasema. "Ni kwake ndio imeharibika."

Ulicheka mpaka ukashika kifua. Nami nikacheka. Sikujua kwamba ulikuwa umeshika uvimbe.

Uliuficha chini ya shuka miezi na miezi, ukiogopa kwamba matibabu yangekutoa darasani. Daktari alipouona alisema umechelewa. Wewe ukamuuliza jambo moja tu: "Nitafika mtihani?" Aliendelea kutazama faili.

Nilimpigia Baba simu. Akasema amepata zamu ya maji ya shamba, akimaliza atakuja. Nilipokuambia, uligeukia ukuta. Halafu ukasema, "Nipe ingine." Mkono wako haukuweza tena kushika kalamu, kwa hiyo nilikutajia jozi kwa mdomo, nawe ukajibu ukiwa umefumba macho. Ulipatia karibu zote. Siku ulipokosea ile rahisi kabisa, nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Baba alifika ukiwa umeshazikwa. Kaltuma alikuja naye, na katika wote ndiye aliyelia kwa sauti. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza, "Alisema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu," nikamjibu. Ulikuwa umeacha kumtaja zamani.

Bado nina hasira naye, Mama. Nampikia chai akija, lakini siwezi kukaa naye akinywa.

Asubuhi ya mtihani nilienda kwenye kituo cha mtihani kutoa habari. Nilimkuta msimamizi mlangoni akiita majina.

"Halima? Halima hajafika?"

"Amefariki," nikasema.

Akasema pole. Kisha akainamisha kichwa, akaandika neno moja mbele ya jina lako: Hayupo. Akaita jina lililofuata.

Mungu akupanulie kaburi, Mama, akupe nuru humo.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.