Nimeisingizia Salfa

Jumanne, mwezi wa kumi na moja, Nachingwea. Joto la kukera. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Nimeoga mara mbili na bado gauni limenata mgongoni.

Nimerudi kutoka Ruangwa saa kumi na moja jioni bila hamu hata ya chai. Acha niandike tu, maana nikikaa nalo moyoni nitapasuka.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Ndiyo, mwanamke, na hapa Nachingwea wameshanizoea. Mwezi wa saba Mama Sharifa, mwenye duka la dawa kule Ruangwa, alinipa kazi ya kufunga kiyoyozi kwenye stoo yake. Watu walimshauri atafute mwanaume. Akawajibu, "Nimeshasema huyu huyu." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kwenye kazi hii kupima ndiyo ufundi, kufunga ni jasho tu. Ukipima vibaya, mashine itanguruma kutwa na chumba kitabaki na joto lake. Nami nilipima saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, nimevaa sweta. Mita nne kwa tano, nikazidisha kwa ile hesabu niliyofundishwa chuoni Dar, nikaandika nguvu ya mashine, BTU elfu kumi na mbili. Dakika kumi na tano nimemaliza. Fundi mjuaji!

Sikuuliza ukuta wa nyuma unapigwa na jua saa ngapi. Unapigwa kuanzia saa saba mpaka jua linazama. Sikupanda kuchungulia juu ya dari, ambako bati liko karibu kiasi kwamba hewa haina pa kupita. Mafriji mawili yanatema joto mle mle ndani, nikayaona, nikayapita. Na wala sikujiuliza mwezi huu huku kwetu unakuwaje, mimi niliyezaliwa huku na kuchezea joto hili tangu natambaa.

Stoo ile ilitaka elfu kumi na nane, pengine na zaidi.

Wiki iliyopita Mama Sharifa akanipigia. Dawa za homa za watoto, zile za kuwekwa nyuma, zimelainika kama siagi. Nikaenda. Saa tisa alasiri kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi thelathini na nne, na dawa nyingi mle zimeandikwa zisizidi thelathini. Yeye hujaza daftari la joto saa mbili asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, kwa hiyo daftari lake lilikuwa linaonyesha mambo shwari kila siku.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilisimama mbele ya kile kipimajoto, mgongo ukakiziba. Nikafungua kiyoyozi, nikatoa chujio, nikalikung'uta, likatoka vumbi la njano kiduchu.

"Mama, ni salfa hii," nikasema.

Huku kwetu salfa ya kupulizia mikorosho inabebeshwa kila lawama. Macho yakiwasha, salfa. Kikohozi, salfa. Kuku wasipotaga, salfa. Aliamini palepale, maana jirani yake, Mzee Nakumbya, ana mikorosho nyuma ya ukuta ule na mifuko yake ya salfa alikuwa anaiegemeza hapo hapo. Nikaosha chujio, jua likazama, chumba kikapoa chenyewe, nikaonekana fundi kweli kweli.

Leo kaniita tena. Nilipofika saa sita nikamkuta Mzee Nakumbya kasimama mlangoni, kofia mkononi. Kumbe Mama Sharifa alimfuata akamfokea mbele ya watu. Mzee kahamisha mifuko yote pamoja na pampu yake, na kaja kuomba radhi. Kwake, na kwangu pia.

"Mwanangu, unisamehe," akaniambia, taratibu, Kiswahili chake kizito chenye lafudhi ya Kimwera kikitafuta kila neno. "Mimi sikujua. Salfa yangu kuharibu dawa za watu, sikujua."

Nikamjibu, "Yameisha, mzee."

Yameisha! Astaghfirullah. Mzee wa umri wa babu yangu ananiomba msamaha kwa kosa langu mwenyewe, nami namsamehe. Sijawahi kujichukia kama leo.

Njia nzima nilijipa moyo. Huenda dawa hazijaharibika. Huenda. Lakini mimi si mtu wa dawa, siwezi kujua, na mwenye kujua nimemfumba macho. Leo hii, nikiwa nakung'uta lile chujio kwa mara ya pili, dada mmoja alinunua dawa ya kifua ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Nilimsikia yule mtoto anavyohema. Nikaendelea kukung'uta.

Nilipofika hapo kuandika, kalamu niliitupa, nikapiga simu.

"Shikamoo, mama. Si salfa. Nilipima vibaya. Mashine ni ndogo, stoo inachemka kila alasiri, na wiki iliyopita nilikiona kipimajoto nikakuficha."

Nilitamani anitukane, hakunitukana.

"Tangu lini?"

"Tangu joto lianze. Nadhani mwezi wa..."

"Usiniambie unadhani, fundi. Lini?"

Nikamwambia tuhesabu kuanzia mwanzo wa mwezi wa tisa. Nikasikia kurasa zinafunuliwa. Lilikuwa daftari la wagonjwa, analoandika nani kapewa nini na anatoka wapi. Akaanza kusoma. Mtoto wa Namungo, dawa ya maji. Bibi wa Mandawa, dawa za presha. Mjamzito wa Nandagala. Hakuwa ananisuta, alikuwa anatafuta pa kuanzia kuwafuata kesho asubuhi.

Nilitaka kumwambia basi, mama, inatosha. Nikaokota kalamu, nikaandika kila jina.

Alipofika mwezi wa kumi nikasikia anakunywa maji, kisha akaendelea kusoma.