Sentensi Moja, Watu Tisa

Kiganjo, Thika
Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa dada Ajwang,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba hii yote. U hali gani na hiyo baridi ya Kanada? Mgongo je, bado unakusumbua ukiwainua wale wazee unaowatunza? Huku mvua bado inatuahidi tu, vumbi la Kiganjo limetuingia mpaka kwenye unga. Maggie wangu anakohoa kidogo, lakini si kikohozi cha kukutia wasiwasi, maana nguvu za kunigombeza bado anazo. Maxine wako pia ni mzima wa mwili.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Kwenye simu nimejaribu mara nne, na mara nne nimefuta. Simu inamwonea mwoga huruma sana. Omondi wa kanisani anasafiri Jumamosi kuja huko kumwona mwanawe, na bahasha hii nitampa mkononi. Nikishampa siwezi kuifuta tena.

Dada, Maxine hakuugua siku ya mtihani wa Kiingereza. Alikudanganya, na alikudanganya kwa ajili yangu.

Darasa langu la Mwiki unalijua, kile chumba nyuma ya kanisa ambamo kila Jumamosi nawafundisha Kiingereza wanaotaka kwenda ng'ambo kuuguza na kutunza wazee. Safari hii walikuwa kumi. Maxine alikuwa mdogo kuliko wote. Alikuwepo pia Ngendo, mama wa watoto watatu anayeuza mitumba, na Mutisya, soja anayelinda kiwanda, ambaye Kiingereza humtoa jasho kuliko kazi ya usiku.

Shida yao ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Sisi kwa Kiswahili neno moja linabeba mzigo wote: kuwatunza. Mwingereza anautawanya mzigo huo njiani. Kuna ile "to" yake ya kutangulia, kuna "look" na "after" ambazo ukiangusha moja maana inakukimbia, halafu kuna kielezi, "always" au "carefully", ambacho hakina adabu ya kukaa mahali pamoja. Ngendo alikuwa akikitupa popote anapoona nafasi, kama mtu anayepanga viatu vya mitumba. Nilichora mishale ubaoni mpaka chaki ikaisha. Wiki mbili kabla ya mtihani bado walikuwa wakichanganya.

Basi nikafanya kile tulichofanyiwa sisi. Unamkumbuka Mwalimu Okello kule nyumbani na insha yake moja, ile tuliyoikariri darasa zima? Wewe ulikuwa ukiisema ukisonga ugali, mimi nikiisema nikichota maji. Tulipata alama za juu sote, na wazazi wakambeba mwalimu mabegani. Mimi nilikua nikijua kwamba huko ndiko kufundisha.

Nikawatungia barua ya kuomba kazi. Katikati nikaweka sentensi niliyojivunia: "I have always wanted to look after people carefully." Yaani, siku zote nimetamani kuwatunza watu kwa uangalifu. Kila kitu mle ndani kimekaa mahali pake. Nikawaambia waikariri barua yote, na swali likija vyovyote, waiingize.

Waliiingiza. Watu tisa, chumba kimoja cha mtihani, barua moja mpaka alama za mkato. Matokeo yalipotoka, ya hao tisa yalikuwa yamefutwa kwa kosa la kunakiliana. Aliyepita ni Mutisya peke yake. Wiki ile alikuwa amelala na malaria, barua yangu hakuipata, akaandika Kiingereza chake cha kuchechemea kuhusu jinsi alivyompikia nyanya yake uji mwaka mzima. Ningecheka kama ingekuwa kwa mwalimu mwingine.

Ngendo alipokuja hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alisema tu, "Haiya, mwalimu. Si wewe ulituambia hiyo ndiyo answer?" Nikamjibu kwamba kompyuta za watu wa mtihani zimekosea na nitafuatilia. Dada, niliusema uongo huo bila hata kumeza mate, na nikaurudia kwa wengine wanane.

Lakini linalonichoma ni la nyumbani. Ile Jumapili ulipompigia Maxine, mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, chai mkononi, na simu ilikuwa kwenye spika. Nilikusikia ukimwambia amechezea nafasi. Ukamwambia umeosha migongo ya wazee wa wenyewe miaka saba ili yeye apate chuo karibu nawe, kisha siku ya mtihani ndiyo anaumwa na tumbo! Alinitazama mara moja. Mimi nikatazama kikombe. Akakuambia, "Pole, Mum. Nilikuwa mgonjwa, nitajaribu tena."

Ulipokata nilimwuliza kwa nini hakusema ukweli. Akaniambia, "Sasa ningesema nini, Uncle? Wewe ndio umenilea tangu Mum aende. Mkikosana nyinyi wawili, mimi nitabaki wapi?"

Mtoto wa miaka kumi na tisa. Na mimi, mwanamume wa hamsini na mbili, nikajificha nyuma ya mgongo wake nikamwacha apigwe kwa maneno. Sijawahi kuona aibu namna hiyo maishani mwangu. Nilipomweleza Maggie, ambaye hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, akaniambia mficha uchi hazai.

Mambo yako hivi. Waliofutiwa matokeo wanatakiwa kusubiri mwaka mzima, na chuo cha huko kinamshikia Maxine nafasi mpaka Juni tu. Ila mwalimu akikiri kwa maandishi kwamba maneno ni yake, na kwamba wanafunzi hawakunakiliana, wenye mtihani wanaweza kuwaruhusu kurudia mwezi ujao. Mwalimu huyo naye atatolewa kwenye orodha yao, asiandae mtu tena.

Wiki tatu nimeizunguka barua hiyo. Mwiki nzima naitwa Mwalimu, mpaka na wauza sukuma wiki, na nilikuwa nikijiuliza wataniita nani baadaye. Jana nikaiandika na kuipeleka mwenyewe. Kisha nikawaita wote tisa nikawaambia, Ngendo wa kwanza. Akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini ungesema mapema." Ufunguo wa chumba nimemrudishia Kinuthia, mzee wa kanisa.

Sijui kama watakubali. Naogopa, dada, sitakuficha. Wakikataa, utakuwa mwaka wa nane hujamwona mwanao, na sababu itakuwa mimi.

Jana jioni nilimwomba Maxine aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza, kwa nini anataka kwenda huko, na asitumie hata neno langu moja. Nilimwambia nitausahihisha. Leo asubuhi ameuweka kando ya kikombe changu akaondoka. Ana "to" mbili mahali pa moja, na "carefully" yake imekaa vibaya kabisa. Nilichukua kalamu nyekundu, nikairudisha mfukoni.

Sentensi zake mbili za kwanza, kwa lugha yetu, zinasema hivi: "Sijawahi kutamani kuwatunza watu. Nimetamani tu kuwa nyumbani Mum akirudi kutoka kazini."

Miezi minane nimemfundisha, na mwisho nikampa akariri ile nyingine.

Ukurasa wenyewe umo ndani ya bahasha hii. Usome, kisha umpigie simu. Usimwambie umemsamehe, kwa kuwa hana kosa. Mwombe radhi, dada. Mimi nimeshamwomba. Kisha, ukitaka, nipigie na mimi, unipe ninachostahili. Sitatazama kikombe.

Msalimie binamu yetu Calvince hapo unapokaa. Mwambie Akello wetu mdogo ameng'oka meno mawili na anadai zawadi kutoka Kanada kwa kila jino. Maggie anakusalimu. Mungu akuwekee mkono mgongoni panapouma, na atufungulie mlango ambao mimi niliufunga.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata ukiikunja barua hii kwa hasira,

Erastus