Penseli ya Mzee Chilumba

Newala, Jumanne

Bado naona aibu. Asubuhi programu ilinitolea muhtasari wa wiki wa kompyuta kubwa ya chama chetu cha wakulima: kazi ya wastani, hakuna tatizo. Nikautuma kwa meneja bila kuusoma mara mbili.

Mchana akanipigia Mama Zuhura, karani wa ghala la Chiungutwa. Shikamoo yangu aliipokea haraka haraka. "Marahaba, mwanangu. Hakuna tatizo vipi? Jana wakulima wamekaa juani na korosho zao, tumeshapima, tunatuma uzito, kompyuta yenu haijibu!"

Kumbe meneja ameshamwandikia barua ajieleze kwa nini alichelewesha watu. Ushahidi wake ni ripoti yangu.

Nikamkumbuka marehemu Mzee Chilumba, aliyenifundisha kazi hii ya kuangalia kompyuta. Enzi zake mashine ilitoa karatasi ndefu za namba. Alizitandaza mezani na kuchora kwa penseli mstari wa kazi ya mashine, saa kwa saa, nasi vijana tukimcheka. Hakutia saini mpaka aulize, "Nani alisubiri, na saa ngapi?"

Basi nami nikachora. Jumatatu saa nne, maghala yote yalipotuma uzito kwa pamoja, mstari ulipanda hadi ukingo wa karatasi. Wastani wa wiki ulikuwa umeuficha.

Nimetuma ripoti nyingine, saa hiyo ikiwa juu kabisa. Kama meneja ataifuta ile barua, sijui.

Penseli yenyewe alinipa mjane wake baada ya mazishi. Miaka yote ilikaa kwenye droo. Leo ndiyo mara ya kwanza naichonga.