Hadi Watu wa Kwetu Wafike

Kirotshe, tarehe 4 Mei

Kwa dada yangu mpendwa Libérata,

Nakusalimu kwa mapendo mengi katika jina la Yesu. Hujambo huko Kitshanga? Papa anaendeleaje na mguu wake? Watoto wanakula vizuri? Mimi ni mzima, Yves mume wangu ni mzima, na mama mkwe ni mzima kutupita sote, kwa maana sauti yake haichoki.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu rezo ya simu inashika kule juu kilimani tu, na mimi, kama unavyojua, sitoki. Mlipaswa kuja wiki ile iliyofuata ndoa, njia ikafungwa, na tangu Februari niko ndani. Sifagii, sipiki, sishiki jembe. Nimefunikwa kitenge kichwani kama bibi arusi wa jana. Mwanzoni nilifurahi, nani asiyependa kuletewa chakula? Sasa nimenenepa hadi pete inabana, na nimechoka, dada. Nyumba hii iko ukingoni kabisa. Nasikia maji yakipiga mawe mchana kutwa, nasikia harufu ya visamaki vya sambaza vikikaangwa, na ziwa lenyewe sijaliona. Dirisha langu linatazama migomba ya jirani.

Yves hana neno. Juzi aliniambia, "Chérie, toka tu. Siku hizi watu wanafanya hiyo maneno siku moja na ndoa." Mama yake akasikia. "Yves! Huyu mutoto iko na watu ya kwao, ao tulimuokota mu njia? Atatoka siku watakuja kumutwikurura, kumufunua kitenge. Njo vile iko." Yves akatoka kama mtoto wa shule, mimi nikavuta kitenge changu kichwani.

Kwa hiyo njooni. Usiniambie tena habari za mvua. Mwisho wa mwezi huu mvua inapungua, maharage yanavunwa, na vumbi la Julai halijaanza. Hakuna wakati mzuri kama huo wa kushuka huku ziwani. Mniimbie, mnifunue kitenge, nitoke. Sina ombi lingine.

Mdogo wako,
Uwamwezi

*

Kitshanga, tarehe 12 Mei

Kwa mdogo wangu Uwamwezi,

Asante kwa barua, Théogène, yule dereva wa pikipiki, aliileta ikiwa imelowa. Sisi tuko wazima, namshukuru Mungu. Mguu wa Papa unavimba jioni. Watoto wanakusalimu na wanauliza kama kweli unalishwa bure. Niliwaambia ndiyo, sasa wote wanataka kuolewa Kirotshe, hata wa kiume.

Sikia mpango wetu. Tunakuja mimi, shangazi Muhawenimana, na wasichana wa jirani wenye sauti nzuri. Tutapanda lori la maharage hadi Sake, tukipita Kilolirwe na Mushaki, halafu Théogène na wenzake watatuchukua kwa pikipiki kufuata ziwa. Shangazi amesikia kwamba huko mwambao wa kaskazini mlima unaangukia majini na barabara imening'inia katikati. Ameshasema atafunga macho kuanzia Sake na nitamwambia tukifika. Malori yanapita siku hizi, wenye bunduki wametulia. Hata mimi naona ni wakati wake.

Kinachobaki ni kasiksi, pombe ya ndizi ya kuwaletea wakwe. Nilimwambia Papa tutanunua Sake, tusihangaike na mabidoni ya pombe njiani. Lo! Alisimama na mguu wake huo huo. "Mutoto yangu nimutoe na pombe ya kununua? Wakwe watasema miye Sebarenzi siko na hata mugomba moja!" Basi ndizi zake ziko shimoni zinaiva. Zikishakamuliwa na pombe ikachacha, tunaondoka. Vumilia kidogo. Mimi ndiye niliyekulea Mama alipotuacha, na mimi ndiye nitakayekufunua hicho kitenge. Simwachii mtu.

Dada yako,
Libérata

*

Kirotshe, tarehe 27 Mei

Dada Libérata,

Salamu kwako, kwa Papa na kwa wote. Natumaini mko wazima. Mimi mwili ni mzima, moyo hapana.

Jana lori la maharage kutoka kwenu lilipita hapa. Nilisikia honi, nikadhani mmelipanda hadi huku, nikajifunga kitenge vizuri, nikakaa kwenye mkeka kama inavyotakiwa. Mama mkwe alifagia uwanja mara ya pili. Lori likapita moja kwa moja kuelekea Minova. Nililia hadi Yves akaogopa.

Mko wapi? Watu wa Shasha wameanza kupita na magodoro kichwani. Wanasema huko nyuma yao hali si nzuri. Shemeji mkubwa ameleta mtumbwi wake karibu na nyumba, hasemi ni wa nini, na hakuna anayemuuliza. Wakisema twende, mimi nitatokaje? Kama mnangoja pombe, njooni bila pombe! Leteni hata maji kwenye kibuyu, mimi nitasema ni kasiksi.

Mdogo wako,
Uwamwezi

*

Kitshanga, tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Naomba barua hii ikukute mzima. Sisi tuko.

Sina namna nzuri ya kukuambia. Ndizi hazikuiva haraka kwa sababu ya baridi ya zile mvua za mwisho. Nilimsihi Papa tuondoke. Akasema tungoje kidogo tu. Zilipoiva, akakamua mwenyewe, akaonja, akasema bado ni juisi, mtu haendi kwa wakwe na juisi. Tukangoja tena. Asubuhi pombe ilipokuwa tayari, tulifunga vikapu, wasichana wakavaa, tukasimama barabarani hadi saa sita. Lori halikuja. Njia imefungwa Kilolirwe, na hata pikipiki hazipiti; barua hii nampa kijana anayepita milimani kwa miguu. Siku zote tulizongojea pombe, njia ilikuwa wazi.

Nimekasirika, Uwamwezi. Nilimwambia Papa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Amekaa tu karibu na mabidoni yake na hali chakula. Nilitaka kukuandikia utoke, tuachane na haya mambo. Akanishika mkono. "Umwambie asijitoe. Mutu anajitoa ni ule hana kwao. Kwao njo miye, baba yake. Niko muzima bado."

Ndivyo alivyosema, nami nimekuandikia kama alivyosema. Ningojee. Nitapita milimani kwa miguu na shangazi. Ametafuta fimbo, na safari hii hasemi kufunga macho.

Dada yako,
Libérata

*

Kirotshe, tarehe 9 Juni

Dada,

Salamu. Naandika haraka. Barua hii nampa mama mmoja anayepanda kuelekea Mushaki kumtafuta mtoto wake; sijui kama itakufikia.

Mabomu yanasikika karibu. Jirani wengi wameshavuka ziwa. Vyombo vimefungwa, mtumbwi uko tayari, wanayemngoja ni mimi tu. Mama mkwe, yeye mwenyewe aliyenifungia, amepiga magoti mlangoni. "Mutoto yangu, unisamehe. Toka tu. Mungu anaona." Analia, na mimi namtazama tu.

Tangu Februari sikuwa na ombi jingine ila kutoka humu. Leo mlango uko wazi na miguu inakataa. Namwona Papa na mabidoni yake. Nikitoka mwenyewe, nitakuwa nimemwambia amekufa. Nimemwambia Yves nakungoja wewe. Amenikasirikia kwa mara ya kwanza. Naogopa sana, dada. Kimbia.

Uwamwezi

*

Kirotshe, tarehe 15 Juni

Mdogo wangu Uwamwezi, popote ulipo,

Nakusalimu. Naulizaje habari zako nikiwa nimeketi kwenye mkeka wako?

Tumefika. Shangazi ana malengelenge miguuni, mimi nilibeba bidoni moja mgongoni, mengine tuliyaacha milimani. Barua yako niliipata njiani kwa yule mama, tukaacha kulala. Tulikuta mlango wazi, hakuna mtu. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nilidhani ulibaki, ukauawa.

Ni jirani yenu, Mama Victorine, aliyetuambia. Yeye hakukimbia kwa sababu ya mama yake mgonjwa. "Bibi arusi alikatala kabisa. Njo Yves akamubeba ku mugongo, na kitenge yake ku kichwa, mupaka mu mutumbwi. Muguu yake haikugusa chini. Yves alikuwa anasema kwa nguvu, watu wote wasikie: hajitoi, ni miye namubeba." Wanasema mlielekea kisiwa cha Idjwi. Mpe Yves mkono kwa niaba yangu. Huyo ni mtu.

Basi tulifanya tulichokuja kufanya. Tulikaa ndani, shangazi, Mama Victorine na mimi. Kasiksi imechacha kupita kiasi, tukainywa hivyo hivyo na kumwaga nyingine chini kwa niaba ya Papa. Tuliimba zote, za mwanzo hadi za mwisho, watu watatu tu, na bunduki zikilia upande wa Sake. Shangazi aliita jina lako kama linavyoitwa, na pale bibi arusi anapojibu, nilijibu mimi. Kisha nikaunyanyua mkeka wako, nikautoa hadi uwanjani kwenye jua. Mama Victorine alipiga vigelegele huku analia.

Mvuvi mmoja anavuka kesho, nimempa barua hii. Njia nyuma yetu imefungwa, hatujui kama tutarudi kwa Papa. Lakini wewe, kama bado umekaa kwenye kona ya nyumba ya watu umejifunika, funua uso. Watu wa kwenu wamekuja. Simama, utembee.

Dada yako aliyekutoa,
Libérata