Kaseti Yenye Malaria

Koboko, Jumamosi, Agosti 1994. Mvua inanyesha tangu alfajiri, barabara imekuwa uji, na hasira bado hazijanishuka.

Juzi nilionyesha filamu mpya kwenye kibanda changu cha video. Kaseti niliijaribu dukani Arua kabla ya kununua, kama kila mtu anavyofanya: dakika chache za mwanzo, kwenye televisheni ndogo, jenereta ya jirani ikinguruma. Mwanzo ulikuwa safi. Uchafu wenye duka walikuwa wameuficha katikati. Picha ikaanza kutetemeka, nyuso zikajaa chenga, sauti ikawa ya mtu aliyefunikwa sufuria.

"Mama, hii picha iko na malaria!" akapaza sauti mzee mmoja, askari wa zamani. "Patia yeye kwinini!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Draku, anayeshika kipaza sauti na kututafsiria filamu, hakusikia neno, akaanza kubuni. Akatangaza kwamba adui anaomba radhi, na adui huku anamimina risasi. Wakadai kiingilio chao. Nikawarudishia wote.

Kibanda hiki nilikijenga kwa kuuza sokoni mihogo ya Ayivu, huko vijijini karibu na Arua. Sina mume wala mjomba wa kunishika mkono. Nina jina tu. Siku watakaposema, "Kwa yule mama tunaibiwa," nimekwisha.

Basi jana nikaifunga deki yangu ya video kwenye kitenge pamoja na ile kaseti, nikaipakata ndani ya lori mpaka Arua. Nilijua muuza kaseti atasema nini, na akasema kabla sijaketi.

"Dada, kaseti haina shida. Shida iko kwa deki yako."

"Ndiyo maana nimekuja nayo. Chomeka."

Kaseti ikatetemeka vile vile. Tukaweka nyingine kwenye deki hiyo hiyo: imetulia kama maji ya mtungini. Wapita njia walishajaa mlangoni. Mwanamke mmoja, mkimbizi kutoka Sudan, akauliza, "Na yangu ya juma lililopita, je?"

"Mama, chukua hii ingine, uende," muuzaji akaninong'oneza. Kumbe nimeshapanda cheo, si dada tena.

Sikwenda. Nilikaa kwenye kiti chake nikaitazama yote, yeye amenuna. Picha nzuri. Sauti inakwaruza karibu na mwisho. Akaapa hana iliyo bora, nikaichukua hiyo hiyo.

Hawa wauza kaseti wananakili nakala ya nakala. Wanabana filamu mbili kwenye kaseti moja kwa mwendo wa polepole ili kuokoa utepe, halafu wanabandika karatasi ya rangi juu yake. Mbovu kabisa ndizo zinazoletwa huku mpakani.

Wanadhani Koboko hatuna macho? Hatuna masikio?

Leo kwenye ubao wa matangazo mlangoni pa kibanda, chini ya jina la filamu, nimeandika kwa chaki: PICHA SAFI. SAUTI INAKWARUZA MWISHONI.

Draku akashika kichwa. "Mama, unafukuza watu! Nani anauza mchuzi anasema iko na chumvi mingi?"

"Mimi."

Saa ya kuanza imekaribia na mabenchi bado ni matupu. Sijui ni mvua au ni ule ubao. Draku ameomba mara mbili aufute, nimekataa. Akiingia hata mmoja, ataingia akijua anachonunua, na huyo mmoja nitamwashia jenereta.